Fauntini ya mawe uwani: tazama maji yako kwanza, jiwe baadae

Haupiti mwezi sijatumiwa picha ya fauntini, lile pambo la kuchuruza maji, kwenye simu, na suali ni lile lile, "hii vipi, ntaipata wapi na bei gani?" Ukiitazama picha yenyewe ni ya bustani ya Ulaya huko, majani kama zulia, jiwe jeusi linang'ara, maji yanateremka taratiibu. Na mie jawabu yangu huwa suali: kwenu maji yanatoka siku gani? Mtu ananuna, anadhani namfanyia maskhara. Lakini wallahi hilo ndo la mwanzo, mana watu wengi nlowaona wamekula hasara si kwamba walichagua jiwe baya, walichagua jiwe zuri kabla hawajajua watalimwagia maji gani.

Na mimi wa mwanzo wao. Miaka kadhaa nyuma nlinunua fauntini ya marumaru nyeupe, mabeseni matatu moja juu ya mwenziwe, ikatoka Dar ikapanda meli ikateremshwa Malindi, bandarini hapa Unguja, na mahamali sita wananilaani njia nzima. Nkaiweka kwa mama, uwani, chini ya mzambarau. Hebu hisabu makosa hapo: marumaru nyeupe, maji ya kisima, mzambarau. Msimu wa zambarau haujesha ile nyeupe imeshakuwa na madoa kama kanzu ya mtoto wa chuoni, na pale maji yanapopita pameota mstari wa chokaa mgumu kama ndevu. Mie kwa ujuaji wangu nkachukua asidi ya kusafishia choo nkaisugua. Jiwe likachemka mbele ya macho yangu, povu, kama soda ilotikiswa. Mng'aro ukenda na maji, pakabaki vishimo. Sasa hivi beseni la chini wananywea kuku.

Kwa hiyo haya nnayoandika yamenigharimu, msiyadharau.

Tuanze na maji. Unguja sehemu kubwa imekaa juu ya matumbawe ya kale, mvua ikinyesha inazama humo ndani ya mawe ya chokaa na huko ndiko tunakochota. Ndo mana ukichemsha maji kwenye jagi la umeme baada ya wiki mbili chini pana ukoko mweupe. Ukoko ule ule ndo utakaokaa juu ya jiwe lako, na ndani ya mota ya kusukumia maji pia. Jaribio lake halina gharama: chukua sahani nyeusi au kipande cha kioo, tilia maji kijiko kimoja, weka juani mpaka yakauke. Ukiona mduara mwepesi tu, huna shida kubwa. Ukiona mduara mzito mweupe unaukwangua kwa ukucha, basi jua jiwe jeusi lilong'arishwa litakutesa, kila tone litaandika jina lake. Hapo chukua jiwe la rangi ya mchanga au kijivu, lilokwaruzika, ukoko ukikaa hauonekani, unakuwa kama sehemu ya jiwe.

Walioko pwani ya mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu kule, wana mtihani mwengine, visima vingi maji yake yana chumvichumvi. Chumvi si kitu cha kuchezea kwenye jiwe lenye vitundu. Maji yanaingia ndani ya jiwe, yanakauka, chumvi inaganda humo na kufura, jiwe linaanza kumung'unyika unga unga kutoka ndani. Unaweza kudhani jiwe bovu, kumbe maji. Nyie wa huko bora mkinge mvua. Na hata wa mjini mkinge mvua pia, hii nasema kwa kila mtu: funga mfereji wa bati kwenye paa, peleka kwenye pipa au tangi, maji ya masika ni laini hayana ukoko, ukiweka lita elfu moja pembeni inakusukuma muda mrefu kwani fauntini inazungusha maji yale yale, unaongeza yanayopotea tu.

Yanayopotea ni kiasi gani? Beseni la mita moja kwa mita moja, likiwa wazi, kwa siku ya jua linaweza kupungua kama milimita tano, yaani lita tano. Ukiwa umeweka maji yanarukaruka na upepo unapiga, zidisha. Wakati wa kaskazi jua linapowaka ndo utajua. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu maji ya mferji yanatoka mara mbili kwa wiki na ndoo zinapigiwa foleni, usinunue beseni kubwa la wazi, utakuwa na fauntini na ugomvi pamoja. Mama yangu aliwahi kunambia maneno mazito siku moja maji hayajatoka siku tatu na lile beseni limejaa. Alikuwa na haki, israfu haina pambo.

Na hapo namkumbuka Sultani Barghash. Watu wakenda Maruhubi wanapiga picha nguzo, kasri ile ilojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikaungua 1899, lakini nenda katazame mabirika yake, yale matangi makubwa ya maji, ndo utaona mzee alikuwa anafikiri vipi. Huyu ndiye alotia mabomba ya maji kutoka chemchem za upande wa Bububu mpaka mjini. Na ndiye alojenga bafu la Hamamni. Alivuta maji kwanza, mapambo yakafuata. Baba yake Seyyid Said naye pale Kidichi, bafu alomjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, kuta zake za mawe na chokaa bado zimesimama na maua yake. Hawa hawakuwa na mota za umeme na mpaka leo tunakwenda kutazama.

Haya, umeme. Mota ndogo ya kuzamisha majini ya fauntini ya nyumbani inakula wati 15 mpaka 40 hivi. Ya wati 25 ukiiwasha masaa kumi kwa siku ni robo uniti, mwezi mzima uniti saba na nusu, Tukuza, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, haitolia. Lakini ukinunua ya wati 60 ukaiacha usiku na mchana ni uniti 43 kwa mwezi, hapo utaanza kuizima na fauntini ilozimwa ni birika la mbu. Mie nashauri swichi ya saa, ile ya kujiwasha yenyewe, masaa mawili asubuhi na masaa manane jioni na usiku mnapokaa uwani. Solar ipo pia, visahani vile vyenye kioo vinavyoelea sitaki hata kuvitaja, jua likifichwa na wingu maji yanakufa, likitoka yanaruka. Kama solar basi yenye betri, mana jioni ndo unapotaka kusikia maji na jioni jua hakuna.

Umeme ukikatika kuna jambo watu hawalifikirii. Maji yote yalokuwa juu, kwenye mpira, kwenye mabeseni ya juu, yanarudi chini kwa pamoja. Kama beseni la chini limejazwa mpaka ukingoni yatamwagika, na kila mara unapoteza. Kwa hiyo tangi la chini liwe na nafasi. Mlokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 mnakumbuka giza la miezi mitatu, sisemi litarudi, nasema fauntini yako isiwe ya kuharibika kwa sababu umeme umelala siku mbili.

Sasa aina. Ntasema moja kwa moja ninayoipenda: jiwe lilotobolewa katikati, maji yanachomoza juu yake, yanateremka ubavuni na kuzama kwenye kokoto, tangi limefukiwa chini huoni. Hakuna maji yalosimama wazi. Mbu hapati pa kutaga kirahisi, mtoto wa jirani akija mbio hatumbukii, maji hayaliwi na jua sana, na ukizima inabaki jiwe zuri lilolowa. Kwa nyumba zetu zenye watoto wanane wa ukoo uwani hii ndo salama. Mabeseni ya ghorofa ghorofa ni mazuri kwa macho lakini yanataka kusafishwa kila beseni. Ukuta wa maji, ule ubao wa jiwe maji yanateremka kama pazia, unataka mota kubwa: hisabia kama lita 150 kwa saa kwa kila senti moja (sentimita) ya upana ukitaka pazia la kweli. Ubao wa senti 40 ni lita 6,000 kwa saa, hiyo si mota ya kuchezea tena. Na kidimbwi cha mayungiyungi ni kitu chengine kabisa, hicho ni kilimo, ukikitaka Pemba mna udongo wenu na maji yenu, sisi wa maweni tutazame tu.

Jiwe sasa, ndo mlilolisubiri.

Jiwe letu la hapa, hili la matumbawe ya kale linalochimbwa bara ya kisiwa, watu wanalidharau kwa sababu limejaa kila pahala. Mie nalipenda kuliko yote. Lina vitundu, rangi ya maziwa yalochanganyika na mchanga, likilowa linakuwa rangi ya asali, na baada ya mwaka kwenye kivuli linaota ukungu wa kijani na vimajani vidogo, linakuwa kama limekaa hapo tokea enzi za mababu. Linachongeka na mwashi yeyote mwenye patasi. Na halihitaji meli. Upungufu wake: linanywa maji, kwa hiyo usilitumie kama tangi bila ya kulipaka, litavuja taratibu, na asidi yoyote inalila. Wazee mabirika ya misikiti walikuwa wanayapiga niru ndani, chokaa laini ilosuguliwa mpaka inateleza, ikazuia maji. Ukimpata fundi anayejua bado hiyo kazi mng'ang'anie, mana wengi sasa watakupakia saruji na rangi ya plastiki juu.

Lakini nunua kwa mtu mwenye kibali cha machimbo. Na tafadhalini sana msiende pwani kuokota matumbawe, hata yale meupe yalokufa, ufukwe na mwamba vinayahitaji yale kuliko uwa wako. Nshaona mtu kapamba fauntini kwa matumbawe ya baharini, yananuka wiki nzima, halafu yana chumvi humo ndani inayokwenda kuua mota yake. Kajikomoa mwenyewe.

Graniti hapa kwetu haipo, inatoka bara, Dodoma na Mwanza huko. Ni ngumu, hainywi maji, asidi ndogo kama siki haiidhuru kwa hiyo ukoko unautoa kwa urahisi. Jiwe jeusi la volkeno la upande wa Arusha nalo zuri, lina vitundu na rangi ya makaa, ila ukoko mweupe juu ya makaa unaonekana toka barabarani. Lile jiwe laini la Kisii, Kenya, linalochongwa vinyago na visahani, linakubali maji lakini ukucha tu unalikwaruza, weka pahala ambapo watoto hawalipandi. Marumaru nshakwambieni. Ukiitaka lazima, iweke mbali na mti wa matunda, itie maji ya mvua, na asidi isikae hata ndani ya nyumba hiyo.

Gharama ya jiwe la bara si bei ya jiwe, ni njia. Jiwe zito. Graniti tani mbili na robo tatu kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo jiwe duara la senti 60 tu kwenda juu, linaloonekana kwenye picha dogo, ni kilo 300. Uliza kwanza nani atalibeba kutoka bandarini, gari itafika mpaka wapi, na kichochoro chenu kina upana gani. Mwenzangu mmoja alilazimika kuvunja kiambaza kulipitisha jiwe halafu akajenga tena kiambaza. Na nyie wa Mji Mkongwe mnaotaka kuweka fauntini darini, boriti zile zimekaa miaka mia na kitu zikibeba wenyeji na vitanda, msizipe kilo mia tano za jiwe na maji. Chini uwani, na hapo pia iwe mbali na ukuta, mita moja na zaidi, kwa sababu kuta zile za mawe, udongo na chokaa zinavuta maji kutoka chini kama utambi. Ukuta ukiloa kila siku siku moja unakaa chini, na tushayaona hayo mjini. Kwa nyumba za Mji Mkongwe uliza Mamlaka ya Hifadhi kabla ya kuchimba kitu chochote.

Ipo njia nyengine ambayo haina duka, na hii sijamwambia mtu akaifanya akajuta. Kijaa. Kile kijaa cha bibi cha kupaazia choroko, kilichotupwa nyuma ya jiko toka ilipoingia mashine ya kusagia. Jiwe la juu lina tundu katikati limeshatobolewa, mduara umeshachongwa, mtu alishafanya kazi yote. Unapitisha mpira tunduni, maji yanachomoza, yanaenea juu ya jiwe kama chapati ya maji, yanateremka pembezoni. Omba ruhusa kwa wenyewe tu, usije ukachukua kijaa cha marehemu ukazua kesi ya mirathi.

Ukiwa dukani au kwa mtu kazipanga barabarani, usiamini neno "jiwe". Vingi ni saruji ilotiwa rangi au plastiki ngumu. Gonga: plastiki inalia tupu kama dumu. Tazama chini na ndani ya beseni ambako rangi haikufika vizuri, ukiona vitobo vidogo vya mviringo na mstari ulonyooka ubavuni, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, saruji. Si haramu, saruji nzuri inakaa miaka, lakini usilipe bei ya graniti. Tia tone la maji, kwenye graniti litakaa juu, kwenye jiwe la chokaa na saruji litanywewa. Kamua ndimu pahala palipofichika, kwenye marumaru au jiwe la chokaa ukikwaruza kidogo utaona linatoa vipovu, graniti haitoi. Muombe mwenye mali kwanza lakini, usimharibie. Na tazama nyufa kwenye shingo, pale beseni linapokaa juu ya nguzo, hapo ndo panapovunjika njiani wao wanapaziba kwa gundi. Mie yangu ya marumaru ilizibwa hapo hapo, sikuona mpaka ilipovuja.

Jambo jengine, sanamu. Wanaleta za simba wanatema maji na wasichana wanamimina mtungi, wengi wetu hatutaki sanamu nyumbani na unakuja kulijua hilo baada ya kulipa, bi mkubwa akishaiona. Nnamjua bwana kamkata kichwa simba akapanda mkadi shingoni. Inachekesha lakini maji yanatokea pabaya sasa. Chagua duara, chagua bakuli, chagua jiwe lilivyo.

Pa kuweka: kivuli cha nusu, pasiwe chini ya mti unaopukutika. Mwarobaini unamwaga majani madogo yanayoziba mota, mwembe unamwaga kila kitu. Mlangilangi nautetea, maua yake yakianguka majini usiku uwa mzima unanukia, kazi yake kuyaokota asubuhi, mie nairidhia. Fikiria kusi pia. Upepo ule wa katikati ya mwaka unabeba maji yanayoruka juu kuyapeleka kwenye nguo zilizoanikwa. Kama maji yanaruka, urefu wa kuruka usizidi nusu ya upana wa beseni, na pahala pa upepo punguza tena.

Mota. Kwenye boksi utaona namba mbili, lita kwa saa na mita za kupandisha. Ile ya mita ndo inayowadanganya watu. Ikiandikwa mita 1.5 maana yake ikifika mita 1.5 hakitoki kitu, hata tone. Kama maji yatachomoza mita moja juu ya mota, nunua ya mita 2 au zaidi, na iwe na kishikio cha kupunguza, mana kupunguza ni rahisi na kuongeza haiwezekani. Fundi umeme wa kweli aje, atie breka ya kukata umeme ukivuja, maji na umeme uwani na watoto pekupeku si mchezo. Zile za volti 12 ndo zangu.

Kufunga hakuna siri kubwa. Chimba, tia tangi la plastiki la lita 100 au 200, simamisha nguzo ya matofali ndani ya tangi ije mpaka juu, jiwe likae juu ya nguzo. Sio juu ya mfuniko. Narudia kwa sababu kila fundi anataka kuliweka juu ya mfuniko. Kuzunguka nguzo weka wavu usioshika kutu, nondo za kawaida na hewa yetu ya bahari miaka miwili zimekwisha, juu ya wavu kokoto zilooshwa. Acha pahala pa kuingiza mkono, mota itataka kutolewa. Ukitumia saruji mchanga usiwe wa pwani, chumvi itakutokea ukutani. Saruji mpya jaza maji umwage mara tatu nne kabla ya kutia samaki.

Halafu sauti, ambayo watu wanaichagua mwisho na ndo wanayoishi nayo. Maji yakianguka senti kumi yanapiga kama mtu anamimina chai, yakianguka nusu mita kwenye beseni lenye kina yanapiga kama mferji uloachwa wazi. Na kwetu sauti ya mferji wazi ina maana yake. Wiki ya mwanzo mama alikuwa anaamka saa nane za usiku anakurupuka na ndoo, "maji yashatoka, amkeni mukinge!" anafika uwani anakuta fauntini. Mara tatu. Ya nne hakuniamsha kwa maneno. Nkaweka kokoto pale maji yanapoangukia, nkapunguza mota, sauti ikashuka ikawa kama ya jiko linatokota mbali, bas akalala.

Usafi: kila wiki okota majani na ongeza maji. Kama una maji yaliyo wazi, yasikae bila ya kutembea zaidi ya siku tano sita, yai la mbu kwa joto letu linakuwa mbu mzima ndani ya wiki moja mpaka siku kumi. Tia visamaki vile vidogo vya gapi, vinamaliza viluwiluwi wote, ila ukiwa na samaki jiki isikaribie. Kila miezi miwili toa mota, fungua kifuniko, loweka pangaboi lake kwenye siki usiku mmoja, ukoko unatoka wenyewe. Siki kwenye mota, na kwenye graniti ukitaka. Kwenye matumbawe na marumaru brashi na maji tu.

Wamebaki kunguru. Hakuna kitabu cha bustani kitakachokwambia hili kwa sababu vitabu havikuandikwa Unguja. Kunguru wetu wakiona maji wanakoga, na wakiokota mkate mkavu au mfupa wa samaki jalalani wanakuja kuulowesha kwako ulainike. Asubuhi unakuta ndani ya fauntini kichwa cha changu na nusu ya andazi. Lile jiwe lilotobolewa linawashinda kidogo kwa sababu hakuna kina, lakini mabeseni wanayapenda mno. Mie nimefunga mshipi wa kuvulia, ule mwembamba, mistari minne kupita juu ya beseni senti ishirini hivi kutoka kwenye maji, hauonekani ukiwa mbali na wao hawapendi kugusa kitu wasichokiona. Kuku wa mama haujawazuia.